Kilichopunguzwa Kibaki Kimepunguzwa: Tarikhi ya Mizani na Daftari katika Nchi ya Chai

Tarikhi ya chai ya Kericho na Bomet imekwisha kuandikwa mara nyingi kwa hesabu ya yaliyoongezeka: ekari zilizopandwa, viwanda vilivyojengwa, kilo zilizochumwa, na fedha zilizopatikana katika mnada, ule uliofunguliwa Nairobi mwaka 1956 ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969. Hesabu hiyo ni ya kweli, na watu wa nchi ile wana haki ya kujivunia. Walakini iko hesabu ya pili, isiyosomwa hadharani, nayo ni ya yaliyopunguzwa: ardhi iliyokatwa, siku ya kazi iliyonyimwa alama, uzito wa gunia uliotolewa katika uzito wa majani. Ongezeko lina mashahidi wengi, kwa kuwa kila mtu hulitazama na kulisimulia. Punguzo aghalabu halina shahidi ila maandishi, na maandishi yakipotea, au yakirudi kuwa kama yalivyokuwa kabla ya kupunguzwa, hapana wa kuulizwa. Kwa sababu hiyo nimeona ni wajibu kuandika habari za mizani na daftari katika nchi ya chai, tangu zama za ratili mpaka zama hizi za kompyuta, ambamo swali la karani wa zamani limezuka tena mbele ya mafundi wa programu: je, kilichopunguzwa kitabaki kimepunguzwa?

Punguzo la kwanza lilikuwa la ardhi. Mwaka 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitwaa kiasi cha ekari 25,000 za nchi ya Wakipsigis karibu na Kericho, ikawapa maofisa wa Kiingereza waliolemazwa na vita, chini ya jumuiya iliyoitwa British East Africa Disabled Officers Colony, ili walime kitani. Bei ya kitani ilianguka muda si muda, jumuiya ikafilisika, na mashamba yakabaki bila ya kazi iliyokusudiwa. Lau ardhi ingalitwaliwa kwa sharti la kurudishwa pale kazi yake inaposhindikana, ekari zile zingaliwarudia wenyewe. Lakini mpaka mpya wa rizavu ya Wakipsigis ulikuwa umekwisha kuandikwa katika daftari la serikali, na daftari lile halikuandikwa tena. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni ya James Finlay, kwa jina la African Highlands Produce, ilinunua mashamba ya maofisa wale, na Brooke Bond nayo ikaingia Kericho wakati huo huo, na miche ya chai ikashika vilima ambavyo hadi leo msafiri hupita akavisifia ukijani wake pasipo kujua ni kwa njia gani vilipata mipaka yake.

Hapa pana jambo ambalo ni lazima lisemwe bayana kabla hatujaendelea. Punguzo laweza kuhifadhiwa kwa uaminifu kamili, herufi kwa herufi na ekari kwa ekari, na likawa bado ni dhuluma. Usahihi wa daftari haumtakasi aliyeliandika. Mwaka 1934 ilipotungwa sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa dini na ushauri katika Wakipsigis, wakachukuliwa na jamaa zao hadi Gwassi karibu na Ziwa Victoria, makaratasi ya kazi ile yalitunzwa vyema, na kutunzwa kwake hakukumpunguzia uchungu hata mtu mmoja. Nasema hivi ili msomaji asidhani kwamba ninapoyasifu maandishi yanayodumu ninayasifu yote yaliyoandikwa. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho ni cha lazima: palipo na punguzo la haki, liandikwe, na likiandikwa lisifutike lenyewe.

Waliobakiwa na ardhi nao walijifunza mapema thamani ya mpaka. Wakipsigis wa upande wa Bureti, tangu miaka ya 1930, walilima mahindi kwa plau ya kukokotwa na ng'ombe, wakayauza kwa makampuni ya chai yaliyohitaji posho ya vibarua wake, na wengi wakaanza kuyazungushia mashamba yao ua pasipo kungojea idhini ya serikali. Sheria ya ardhi iliyosajiliwa ilipokuja mwaka 1963 iliyakuta mashamba yale yamekwisha kuwa na wenyewe, ikaleta kanuni ambayo naiona ni ya hekima kubwa: shamba likigawanywa, namba ya zamani hufungwa, kisha kila kipande hupewa namba yake na ukubwa wake mpya. Baba mwenye ekari kumi akimkatia mwanawe nne, daftari halimbakizi na kumi alizokuwa nazo jana likaongeza nne za mwana pembeni; maana lau lingefanya hivyo, ardhi moja ingaliuzwa mara mbili, na kesi isingalikwisha hata kwa vizazi viwili.

Katika mashamba makubwa ya kampuni hesabu haikuwa ya ardhi bali ya siku. Wachumaji wa kwanza hawakuwa Wakipsigis kwa wingi. Walitoka Nyanza, Waluo na Wagusii na Waluyia, kila mwanamume akiwa na kipande chake cha utambulisho kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1915, na tikiti yake ya siku 30. Tikiti ile haikumalizika kwa mwezi kwisha. Ilimalizika kwa siku 30 za kazi kutimia, na msimamizi akiona kazi ya leo haikufika kipimo, alama haikutiwa, siku ikawa haikuwapo. Mtu alifanya kazi tangu umande haujakauka hadi jioni, na karatasi ikashuhudia kwamba hakuamka.

Sasa nafika kwenye mizani, na hapa nitakaa.

Mwafrika mwenye shamba dogo aliruhusiwa kuingia katika chai kwa wingi baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Mwaka 1960 ikaundwa mamlaka ya mazao maalumu, na mwaka 1964, uhuru ukiwa umekwisha kupatikana, mamlaka hiyo ikarithiwa na Halmashauri ya Ustawi wa Chai, KTDA, ambayo mwaka 2000 iligeuzwa kuwa kampuni ya wakulima wenyewe kwa njia ya viwanda vyao. Litein ilikuwa miongoni mwa viwanda vya mwanzo katika upande huu. Baadaye vikafuata Kapkatet, Tegat, Momul, Toror, Mogogosiek, Kapset, Kapkoros na vinginevyo, hatta Bomet ilipotengwa na Kericho mwaka 1992 ikawa wilaya yake, ikachukua viwanda vilivyoanguka upande wake. Kila kiwanda kilizungukwa na vituo vya kupokelea majani, na kituo ndipo mahali ambapo jasho la mkulima liligeuka kuwa tarakimu.

Kituo ni banda la mabati lisilo na kuta, kando ya barabara ambayo lori laweza kufika hata mvua ikiwa imenyesha. Ndani mna meza ndefu, ambapo mkulima humwaga majani yake ili yakaguliwe: majani mawili na chipukizi, ndiyo sheria, na jani gumu au kijiti hutupwa kando. Kutoka kwenye boriti huning'inia mizani ya saa, yenye uso wa mviringo na mshale mmoja, na chini yake kulabu. Gunia lenye matundu hutundikwa, mshale huruka, hurudi, hutetemeka. Karani hulishika gunia kwa kiganja ili litulie, hutazama, kisha huondoa kiganja, maana kiganja nacho kina uzito, na wakulima waliosimama nyuma yake wanakitazama kiganja kile kuliko wanavyoutazama mshale. Hapo husikika mazungumzo mafupi.

"Umetoa ngapi, karani?"

"Moja, mama. Gunia limelowa."

Moja ile ndiyo roho ya habari yote. Gunia lina uzito wake, na ukimlipa mkulima kwa gunia umewadhulumu wenzake. Majani yaliyochumwa katika mvua yamebeba maji, na maji hayawi chai. Kwa hiyo kutoa ni haki. Lakini kile kilichotolewa kilipaswa kukaa katika karatasi tatu: katika risiti aliyoondoka nayo mkulima, iliyopigwa nakala kwa karatasi ya kaboni, katika daftari la kituo, na katika hesabu ya kiwanda, ambako majani yalipimwa tena yakifika. Palikuwa na karani aliyetoa kwa mdomo asitoe kwa kalamu, akaandika uzito mzima ili asigombane, kisha kiwanda kikakuta upungufu na kuusambaza kwa wote. Palikuwa pia na punguzo lililotolewa mara mbili, kituoni mara moja na kiwandani mara ya pili, kwa kuwa hapana mahali palipoandikwa kwamba limekwisha kutolewa. Katika aina hizi mbili za kosa, naiona ya pili kuwa mbaya zaidi, maana ya kwanza hugawanya hasara kwa wengi na ya pili humwangukia mtu mmoja asiye na la kusema.

Na kosa la namna hiyo halikuwa dogo kama kilo yenyewe ilivyo ndogo. Mkulima hulipwa kila mwezi malipo ya kwanza kwa kila kilo, kisha, hesabu za mwaka zikifungwa mwisho wa Juni, hupata malipo ya pili, bonasi, ambayo nayo huhesabiwa kwa kilo zile zile zote za mwaka. Apelekaye majani mara 10 kwa mwezi, akipoteza kilo moja kila safari pasipo haki, mwisho wa mwaka amepoteza kilo 120, na kilo hizo zimepotea katika malipo yote mawili. Ada ya shule ya mtoto hutoka katika bonasi. Ndiyo sababu katika nyumba nyingi za Konoin na Bureti utakuta risiti za miaka zimefungwa kwa uzi, pamoja na daftari la shule ambamo mtu wa nyumba, mara nyingi mtoto aliyesoma, amenakili tarehe, kilo, na kilichotolewa. Ilikuwa ni nakala ya nne, isiyoamriwa na ofisi yoyote, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa ya kuaminika kuliko zote, kwa kuwa aliyeitunza ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

Tena tukumbuke kwamba jani lenyewe hupungua bila ya kuombwa. Likikaa kituoni likingoja lori, hupoteza maji. Likifika kiwandani hunyaushwa kwa makusudi, na takriban kilo nne na nusu hadi tano za majani mabichi ndizo zitoazo kilo moja ya chai kavu. Tafauti baina ya uzito wa kituo na uzito wa kiwanda haiwezi kuwa sifuri, wala asiyejua chai asiione kuwa wizi. Hapo ndipo ugumu ulipo: katika nchi ambamo kila kitu hupungua kwa tabia yake, punguzo la tabia, punguzo la haki na punguzo la hila hufanana usoni, na kinachoyatenga ni maandishi tu.

Katika karne hii mizani ya saa imeondolewa katika vituo vingi, ikawekwa mizani ya kielektroniki yenye kifaa cha mkononi, na risiti hutoka imechapwa. Uzito wa gunia hutolewa na mashine yenyewe kwa kiwango kilichowekwa mbele. Kiganja cha karani hakina tena nguvu ile, na hilo ni jema. Lakini shahidi naye amebadilika. Mshale wakulima wote waliuona. Tarakimu zilizomo ndani ya kifaa hakuna azionaye ila zikitokeza, na karatasi ya kaboni haikuwa na betri ya kuisha.

Watu hudhani kwamba kompyuta imekuja katika chai kama mgeni, kumbe ni jamaa wa karibu. Kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi ya kawaida ya biashara iliundwa na wauza chai: kampuni ya J. Lyons ya London, yenye mikahawa ya chai mashuhuri, iliitengeneza mashine iitwayo LEO, ambayo mwaka 1951 ilianza kufanya hesabu za mikate na keki, na baadaye ikakabidhiwa mishahara na hesabu za kuchanganya chai. Haja iliyowasukuma ilikuwa ile ile ya kituo cha Mogogosiek: vitu vidogo mno, vingi mno, vinavyoongezwa na kutolewa kila siku, na mtu mmoja asiyeweza kuvikumbuka vyote.

Ndani ya kompyuta ya leo mwenye kazi ya karani ni mfumo wa faili. Tangu Unix, iliyoanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika Bell Labs kule Marekani, kila faili lina kumbukumbu yake ndogo iitwayo inodi, ambamo mmeandikwa ukubwa wa faili, tarehe zake, na mahali vipande vyake vilipo katika diski. Kulifupisha faili ni amri moja kwa mwenye kuiamuru, bali kwa mfumo ni kazi kadhaa: ukubwa mpya uandikwe, vipande vilivyozidi viachwe, na nafasi yao itangazwe kuwa huru. Kazi hizo hazifanyiki kwa mpigo mmoja, tena mfumo huzikalisha kwanza katika kumbukumbu ya muda, ambayo umeme ukikatika hufutika yote, kabla ya kuzipeleka kwenye diski.

Sasa fikiri umeme umekatika katikati. Ikiwa ukubwa wa zamani umebaki na vipande vimekwisha kuachwa, mfumo waweza kumpa mtu mwingine vipande vile, na faili la kwanza likaonyesha maneno ya faili la pili: kilo za mkulima huyu zikasomeka katika namba ya yule. Ikiwa ukubwa umepungua lakini vipande havikuachwa, nafasi imepotea bure. Na iko hali ya tatu, ya siri kuliko hizo: faili likifupishwa kisha likarefushwa tena, sehemu ile mpya ni lazima isomeke sifuri tupu, ikisomeka yaliyokuwamo zamani, basi kilichokatwa hakikukatwa, kilifichwa tu, kama namba ya shamba iliyofungwa ikafunguliwa tena usiku.

Mafundi walilitambua jambo hili zamani, wakaweka dawa yake: mfumo uandike kwanza nia yake katika daftari la pembeni, kisha uitende, ili umeme ukirudi usome nia ile na kuimaliza au kuiacha nzima. Silicon Graphics iliingiza njia hiyo katika mfumo wake wa XFS katika miaka ya 1990, na Linux ikaipata katika ext3 mwaka 2001. Hata hivyo dawa haikuponya kila kitu. Mwaka 2009, ext4 ikiwa changa, watumiaji walilalamika kwamba baada ya mashine kuanguka waliyakuta mafaili yao yana ukubwa wa sifuri. Programu zao zilikuwa zikilifupisha faili la zamani hadi sifuri na kuandika upya. Ufupisho ulifika kwenye diski mapema, maandishi mapya yakacheleweshwa ili kazi iwe ya haraka, na anguko likatokea katika pengo lile. Theodore Ts'o, msimamizi wa mfumo ule, alieleza kwamba programu hazikuwa zimetoa amri ya kuthibitisha kwamba maandishi yamefika kwenye diski, naye alisema kweli kwa kanuni. Lakini aliuongezea mfumo uangalifu wa kuzitambua hali zile na kuyapeleka maandishi upesi, na hapo ndipo ninapomheshimu, kwa kuwa mkulima aliyepunjwa hafarijiwi kwa kuambiwa kwamba karani alifuata kanuni.

Kutokana na hayo umezuka mtindo wa majaribio ambao wafanyakazi wa mifumo hii huufanya kila wanapobadili chochote. Mkusanyiko wake mkuu ulianza kwa ajili ya XFS, na sasa hutumika pia kwa ext4, Btrfs na mingineyo. Jaribio lenyewe ni jepesi kulieleza. Andika faili la ukubwa ujulikanao, litolee amri ya kuthibitisha. Lifupishe, lithibitishe tena. Kisha ukate umeme. Kwa kuwa kuchomoa waya mara elfu huharibu mashine, Linux ina chombo kiitwacho dm-flakey, kinachoifanya diski ijifanye imezimika, itupe kila kinachotumwa kwake. Ukimaliza, ufungue mfumo upya kana kwamba umeme umerudi, na usome ukubwa. Ukubwa unaokubalika ni mmoja tu. Jaribio fupi namna hii limefichua makosa hata katika mifumo iliyoandikwa na mabingwa. Katika Btrfs, kwa mfano, yalipatikana makosa ambamo ukubwa uliorudi baada ya umeme kurudi haukuwa ule uliokwisha kuthibitishwa.

Naona ajabu, na naona uchungu kidogo, kwamba uangalifu huu hufanywa na watu wa mbali kwa ajili ya mafaili yasiyo na jina, nasi hatujaudai kwa ajili ya kilo za chai. Vituo vyetu vina kamati zilizochaguliwa na wakulima. Kamati haihitaji kujua inodi ni nini. Kifaa kipya kikiletwa, litundikwe gunia la mawe lenye uzito wa kilo 20 uliohakikishwa kwa mizani nyingine, mbele ya watu, na risiti itoke ikisema 19, moja ya gunia ikiwa imetolewa na kuandikwa katika mstari wake. Papo hapo, kabla kifaa hakijawasiliana na kiwanda, betri ichomolewe. Kisha irudishwe, kifaa kiwashwe, kumbukumbu ya upimaji ule isomwe kwa sauti, na kesho yake mjumbe mmoja aende kiwandani kuisoma huko pia, risiti ikiwa mkononi. Ikisomeka 19 pote pawili, kazi ianze. Ikisomeka 20, au ikisomeka 18 kwa kuwa gunia limetolewa mara ya pili, kifaa kirudishwe kwa aliyekileta kabla mkulima hata mmoja hajapimiwa nacho.